"Borrow" na "Lend": Nani Anatoa, Nani Anapokea?

Msikilizaji, wanafunzi wengi wa Kiingereza wakitaka kalamu ya mwenzao husema "borrow me". Chanzo si uvivu. Kitenzi chetu "azima" hubeba pande zote mbili, wa anayetoa na wa anayepokea, ilhali Kiingereza kimezigawa: "borrow" ni neno la anayepokea, "lend" ni la anayetoa. Ushahidi umo katika vihusishi vinavyoandamana na maneno hayo, yaani "borrow from" na "lend to".

Wapo watakaosema maana inaeleweka tu. Ana kwa ana, sawa, mkono ulionyooshwa humaliza utata. Lakini kwenye hati ya mkopo, neno moja kati ya haya mawili ndilo linalomtenga mdai na mdaiwa. Wengine watauliza mbona Waingereza wenyewe hutumia "rent" kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba pia. Ni kweli, na hapo Kiswahili ndicho kinachotenganisha, kwa "panga" na "pangisha". Kila lugha huweka mipaka yake mahali pake. Kwa hiyo tusikariri tafsiri ya neno peke yake. Tulijifunze ndani ya sentensi, tukiuliza kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani.