Mapumziko ya Baba na Haki ya Nyumba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi vijana, Dodoma)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo kwa mkusanyiko kama huu, nalo ni mapumziko ya nje ya nyumba, na namna ya kuyapatanisha na malezi ya watoto wachanga. Sisi wenyewe tulipoombwa tulilidharau kidogo. Lakini tulipoanza kuuliza katika nyumba zetu tulikuta kwamba limekwisha kuleta manung'uniko, na katika nyumba mbili tatu limefikia hadi ya kuwaketisha wazee. Kwa hiyo si dogo.

Hali yenyewe ni hii. Wengi tuliomo humu hatukuzaliwa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, ila ni baada ya tangazo la Julai 2016 ndipo watumishi walipohama kwa wingi. Na kabla ya hapo Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007 kilikuwa kimekwisha kuwaleta wengine. Kijana alikuja na mkewe, na mtoto mmoja mgongoni au aliye njiani. Mama mkwe amebaki Tanga, shangazi yuko Ujiji, dada yuko Kilwa. Nyumba ni ya kupanga, ua ni wa saruji, na geti limefungwa. Kule kwetu mtoto alishikwa na mikono kumi kabla jua halijachwa. Hapa ana mikono minne tu, na miwili katika hiyo iko ofisini hadi jioni.

Sasa inapofika Jumamosi alfajiri, baba huvaa viatu vyake vya mbio akaenda kukutana na wenzake wa kikundi cha joging. Hukimbia, hunywa supu, huzungumza, hurejea karibu na Adhuhuri na kulala. Jumapili kuna mpira, ama wa kucheza ama wa kutazama Uwanja wa Jamhuri. Ukimwuliza atakuambia kwamba mwili unahitaji mazoezi, na hasemi uongo. Lakini mkewe naye ana mwili. Yeye ameamka mara tatu usiku kunyonyesha, na hewa yake ya wiki nzima ni ile aipatayo anapoanika nguo kambani. Dada mmoja alitueleza kwamba ametimiza miezi kumi na mmoja katika mji huu, naye anajua njia mbili tu, ya kliniki na ya sokoni. Mumewe alikuwa ameketi hapo hapo akisikiliza, na tuliona wazi kwamba hakuwa amepata kuihesabu miezi hiyo.

Tusijifanye kuwa tunasema habari za watu wengine. Nasi tulikuwa hivyo hivyo.

Yatupasa tukumbuke kwamba katika mwenendo wa Mtume Mtukufu (s.a.w.) jambo hili halikuachwa gizani. Mnajua kisa cha kushindana kwake mbio na Bibi Aisha (r.a.), ambaye alimshinda mara ya kwanza, na baada ya miaka akashindwa. Tunapokisimulia kisa hiki mara nyingi huwa twacheka na kupita. Laiti tungelitazama mahali kilipotokea! Ilikuwa safarini, nje, chini ya anga. Naye alikuwa kiongozi wa umma, mwenye shughuli kuliko yeyote kati yetu, akawaambia wenzake watangulie ili apate nafasi na mkewe. Tena mnajua jinsi alivyosimama akimkinga Bibi Aisha mpaka alipotosheka kuwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao. Yaani aliyeamua muda ni mke. Sijui ni wangapi humu ndani waliowahi kusimama wakingoja wake zao watosheke.

Na wataalamu wa afya nao wamelisema kwa namna yao. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 juu ya watoto walio chini ya miaka mitano: aliyefikisha mwaka mmoja apate walau dakika 180 kwa siku za kutembea na kucheza, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja mbele ya kioo cha televisheni au simu. Aliye chini ya mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa. Tuzipime nyumba zetu kwa kipimo hicho. Dakika 180 ni saa tatu! Katika ua wenye upana wa gari moja, mtoto hazipati isipokuwa atoke nje. Watoto wa Wagogo wa zamani hawakuhitaji mwongozo, kwani waliotoka na ndama asubuhi walirudi nao jioni. Ingawa ile ilikuwa kazi, wala tusiipambe mno.

Ndugu wazazi, kutoka nje katika nchi hii kuna elimu yake, na mtu wa pwani hana budi kujifunza. Mji huu uko juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli, na baadaye upepo huinua vumbi ambalo kifua cha mtoto hakilipendi. Jua la saa sita mchana halina mzaha, kwa kuwa hewa kavu hukausha jasho kabla mtu hajaliona, akadhani hana kiu.

Hili tulijifunza kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tuliamua kupanda lile jabali linaloitwa Lion Rock, watoto wawili, mmoja akiwa wa miaka minne na mwingine mgongoni. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya chai na mapishi, tukafika chini ya jabali karibu saa tano, na chupa moja ya maji kwa watu wanne. Tulipofika katikati mkubwa alianza kutokwa na damu puani. Tukamkalisha kwenye kivuli cha jiwe, pimbi wakitutazama, nasi tukanyamaza kila mmoja akimlaumu mwenzake moyoni. Tulishuka bila kufika kileleni. Njiani mke ndiye aliyevunja ukimya, akasema kwamba kosa halikuwa la mlima. Baba alikuwa amepanga safari kwa mwendo wake mwenyewe, akaichukua familia kama mzigo wa kuongeza.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitoka alfajiri baada ya swala, au kati ya Alasiri na Magharibi. Maji ni ya kila mtu na chupa yake. Mwenye kuamua mwendo ni mtoto mdogo kuliko wote, na akitaka kukaa nusu saa akitazama siafu, basi safari ya siku hiyo ni ya siafu. Mchanga wa makorongo ni mzuri sana kwa kuchezea wakati wa kiangazi, lakini masika yakianza tusiwapeleke watoto humo hata kama mjini kwetu hakuna wingu, maana maji hutoka mbali yakaja kwa ghafla. Tena kwenye bwawa la Hombolo, lililochimbwa mwaka 1957, tutazame ndege na kula ubuyu wetu ukingoni. Tusiwaoge watoto katika maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Ama kuhusu baba na kikundi chake, hatusemi akiache. Tulichopatana sisi nyumbani ni kwamba Jumamosi moja ni yake, ya pili ni ya mama, na zinazobaki ni za wote. Jumamosi ya mama, baba hubaki na watoto kikamilifu, uji na nepi pamoja, wala hampigii simu kuuliza chumvi iko wapi. Mama hutembea na dada wenzake, wakiwa na mavazi yao ya stara na viatu vinavyofaa. Mwanzoni baadhi ya akina baba waliona haya kuonekana na mtoto mgongoni. Haya hiyo ilikwisha wiki ya tatu.

Liko jambo moja la nje ya milango yetu. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, uliochorwa mwaka 1976 na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, uliacha nafasi wazi baina ya makazi na njia za waendao kwa miguu. Mji ukawa jiji mwaka 2018, viwanja vikapanda bei, na kila mwenye macho ameona jinsi nafasi wazi inavyoanza kwa kuwekwa tofali, kisha kibanda, kisha ukuta. Bustani ya Chinangali na Nyerere Square ni neema, lakini mtoto wa miaka mitatu anahitaji uwanja anaoweza kuufikia kwa miguu yake. Kwa hiyo inapoitishwa mikutano ya mitaa twende, baba na mama, tuulize kila kiwanja cha wazi kimeandikwa nini kwenye ramani. Tusingoje ukuta ufike dirishani.

Mwisho ni habari ya Kolo. Tumekusudia kwenda na familia kuona michoro ya mwambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni ya lami yote, hivyo tukiondoka baada ya Alfajiri tutafika jua halijawa kali. Kutoka Kolo tutakuwa na kiongozi wa njia. Kupanda ni kwa mwinuko mkali, basi wenye watoto wa mgongoni walete kanga imara, na mzazi mmoja katika kila familia awe tayari kubaki chini na anayechoka. Michoro haiguswi wala kumwagiwa maji ili ing'ae. Tuwaeleze watoto jambo hili mapema, wangali nyumbani. Anayetaka kwenda atupe kabla ya Ijumaa idadi ya watoto wake na umri wao, na idadi ya viti anavyoweza kutoa garini mwake.