Makaburi ya Nyeri na Deni la Haki



Katika Kaunti ya Nyeri amelazwa Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, aliyefariki mwaka 1941. Humo pia yamehifadhiwa masalia ya Mwenye Heri Irene Stefani, aliyefariki mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa. Hao twawazuru kwa heshima.

Lakini Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, akazikwa gerezani Kamiti pasipo alama. Mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 bila kujaliwa kumzika mumewe.

Kanisa latufundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma. Nasi twaongeza: kuwarudishia wafiwa maiti wao ni haki. Tuwaombee marehemu, wala tusinyamaze.