Kabla ya Sindano, Kipimo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda)



Mwenyekiti aliponiomba nizungumze juu ya afya, nadhani alitarajia habari za malaria. Namwomba radhi. Nitazungumza juu ya watu wasiopata watoto, na juu ya sindano za homoni zinazotumika kuwatibu. Mimi na mke wangu tulizitumia vibaya kwanza, baadaye tukazitumia vizuri. Katika ile mara ya kwanza nusura nimpoteze.

Mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Hakuna mkoa uliotuzidi. Jambo hilo lina ubaya wake, nalo linahitaji hotuba yake. Lakini fikirini: mahali ambapo hata mtoto wa shule anazaa, mke wa mtu akikaa miaka sita bila mtoto ataficha wapi uso wake? Neno "tasa" hutupwa kwa mwanamke, na mumewe hupewa pole. Kumbe hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani hupatwa na shida hii wakati fulani maishani.

Miaka sita hiyo ilikuwa yetu. Mama yangu mzazi alikwisha anza kunitajia binti wa jirani. Ndipo tukaambiwa kuna mtu mwenye duka la dawa anayejua sindano za kupata mimba. Hakutuuliza mengi wala hakutupima. Alimdunga mke wangu kila siku kwa muda wa siku kumi, kisha akamdunga sindano moja ya mwisho. Siku ya tano baada ya hapo alimpima mkojo, na mistari miwili ikatokea. Tumbo nalo lilikuwa limejaa. Ndugu zangu, nilichinja mbuzi.

Siku mbili baadaye mke wangu alikuwa anatapika, anahema kwa shida, na mkojo ulikuwa karibu umekauka. Tulimkimbiza hospitali. Mganga alitueleza kwamba tumbo lilikuwa limejaa maji, kwa sababu ovari zilichochewa kupita kiasi. Mimba haikuwapo. Ile sindano ya mwisho ni homoni ile ile ambayo kipimo cha mimba huitafuta katika mkojo, na huweza kubaki mwilini siku kumi au zaidi. Kipimo kilikuwa kimeiona sindano yetu wenyewe.

Sasa niwaeleze jinsi dawa hii inavyofanya kazi. Chini ya ubongo iko tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya kunde. Kila mwezi tezi hiyo hutuma homoni ya kukuza yai katika ovari, na yai likikomaa hutuma nyingine ya kulitoa. Kwa wanawake wengine ujumbe huo haufiki vizuri, na yai halikomai. Hao ndio sindano inaowasaidia. Mara nyingi huanzishiwa vidonge, na vidonge vikishindwa ndipo wanapewa sindano.

Lakini sindano haizibui mirija ya uzazi. Hapa kwetu Afrika wanawake wengi wanaokosa mtoto mirija yao imeharibiwa na maambukizo, kama vile kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa mapema. Mwanamke wa namna hiyo ukimdunga mwaka mzima, yai litakomaa lakini halitakuwa na njia ya kupita. Tena sindano haiongezi mbegu za mume ambaye hajapimwa.

Historia ya dawa hii nayo ina fundisho. Zamani homoni hiyo ilichujwa kutoka katika mkojo wa wanawake waliokwisha koma hedhi, wakiwamo watawa wa Italia. Mtoto wa kwanza aliyetokana na dawa hiyo alizaliwa mwaka 1962, kwa kazi ya Bruno Lunenfeld huko Israeli. Nchi nyingine ziliitoa homoni katika tezi za maiti. Australia iliacha njia hiyo mwaka 1985, na wanawake wanne waliotibiwa hivyo huko walikufa kwa ugonjwa wa ubongo uliopita katika dawa. Siku hizi tezi za maiti hazitumiki tena. Hata hivyo, swali la kwanza linabaki lile lile: dawa hii imetoka wapi, na nani ameithibitisha?

Nirudi kwetu. Mwaka uliofuata tuliuza mpunga, tukapanda treni hadi Tabora, tukaendelea hadi mji ulio na daktari bingwa wa mambo ya uzazi. Alimsikiliza mke wangu, akanigeukia: "Baba, na wewe umepimwa?" Nikasema mimi sina tatizo. Akafunga faili na kusema hatatoa sindano hata moja mpaka mbegu zangu zipimwe na mirija ya mama ipigwe picha ya eksirei. Nilikasirika usiku kucha. Asubuhi nikaenda kupimwa.

Majibu yalikuwa mazuri kwangu, na mirija ya mke wangu ilikuwa wazi. Shida ilikuwa mayai kutokomaa. Vidonge havikufaulu. Tulifikia kwa shemeji, na mke wangu akaanzishiwa dozi ndogo ya sindano. Kila baada ya siku chache aliangaliwa kwa ultrasaundi. Mwezi wa kwanza daktari aliona mayai mengi yanakua pamoja. Akasema, "Mwezi huu tunaacha. Hakuna sindano ya mwisho, na msikutane." Pesa ya mpunga ilikuwa imekwenda, nami nilimwona mtu katili. Leo najua kwamba siku ile alimkinga mke wangu na maji ya tumboni, na pengine na mimba ya watoto wanne kwa mpigo. Tulirudi tena baada ya mavuno. Safari hiyo yai moja lilikua. Binti yetu sasa yuko darasa la tano.

Basi, ndugu zangu, nayafupisha niliyojifunza:

Kwanza, mke na mume wapimwe wote wawili kabla ya dawa yoyote.

Pili, msidungwe sindano hizi mahali pasipo na ultrasaundi na daktari anayejua kuisoma. Daktari akisema mwezi huu tuache, acheni.

Tatu, ulizeni dawa ilihifadhiwaje. Nyingi hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Joto letu la mwezi Oktoba mnalijua. Kila sindano iwe mpya, na ikishatumika itupwe kwenye chombo kigumu.

Nne, tumbo likijaa ghafla, mtu akitapika, akihema kwa shida au akikojoa kidogo, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Tano, msipime mimba mapema. Ngojeni tarehe mtakayopewa na daktari.

Nanyi vijana, ninalo neno lenu. Wako watu wanaouza sindano za testosteroni za kujenga misuli na "nguvu za kiume". Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu homoni hiyo kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yakatolewa mwaka 1990. Kati ya wanaume 271 waliodungwa kila wiki, 157 walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Kwa kawaida mbegu hurudi mtu akiacha, lakini huchukua miezi mingi. Msinunue ugumba mkidhani mnanunua uanaume.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na aliyekaribia kuumbuliwa alikuwa mke wangu, si mimi. Ameniruhusu kuyasema haya. Aliniagiza jambo moja tu: niwaambie wanaume waanze wao kwenda kupimwa.