Kengele ya Lanchi: Maneno kwa Vijana wa Ziwa



Ndugu zangu na dada zangu, nilipoambiwa nije Ziwa nizungumze juu ya haki za Waislamu, nilijua wengine mtatarajia mambo makubwa. Vitambulisho. Polisi. Vijana kukamatwa. Hayo yana siku yake. Leo nataka tuongee juu ya sahani ya githeri.

Msicheke. Nimesoma shule ya kutwa, shule ambayo sitaitaja jina. Kengele ya lanchi ilikuwa inalia saa saba kasoro dakika kumi, tunarudi darasani saa nane kamili. Siku ya Ijumaa sisi Waislamu tulikuwa watano. Kengele ikilia tunatoka mbio, msikiti uko mbali, tunasikiliza nusu ya khutba, tunaswali, tunarudi mbio. Tukifika jikoni, mpishi ameshaosha masufuria. Miaka miwili sikula chakula cha Ijumaa hata siku moja, na mzazi wangu alikuwa amelipa.

Nilikuwa najivunia, wallahi. Nilijiona mujahid mdogo. Halafu kuna kijana mmoja tulikuwa tunakaa dawati moja, Mkristo, nitamwita rafiki yangu tu manake sasa ni mtu mzima na hajanipa ruhusa ya kumtaja. Kwao hawakuweza kulipa pesa za chakula. Wakati wa lanchi alikuwa anazunguka nyuma ya maabara mpaka kengele ilie tena, ili asionekane anatazama wenzake wakila. Siku moja akaniambia, "Kadi yako Ijumaa inalala bure. Nipe." Nikampa. Kwa muda wa karibu muhula mzima alikula githeri yangu kila Ijumaa, na mimi nikawa naswali nikijua sahani ile haijamwagwa.

Naibu mwalimu mkuu akamshika. Eti kadi haihamishiki. Rafiki yangu alipiga magoti nje ya ofisi mpaka saa kumi, kisha akatumwa nyumbani akalete mzazi. Ramadhani ilipofika nikaenda mwenyewe ofisini, nikasema mimi nafunga mwezi mzima, mpeni huyu chakula changu. Jibu lilikuwa lile lile, kadi haihamishiki. Nikatoka nimekasirika, nikaenda nikalalamika kwa kila mtu isipokuwa yule aliyeweza kubadilisha ile sheria. Hata sikujua ni nani. Wala baba yangu hakujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika barua ya mistari mitatu.

Ndiyo maana niko hapa. Ile sheria ya kadi haikutoka Bungeni wala wizarani. Ilipitishwa na watu kumi na wachache wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wa wale watu anatakiwa kuwa mwanafunzi. Nitaifikia hiyo.

Kwanza tuanze na saa, manake wengi wanadhani swala na lanchi zinagombana. Hazigombani. Jua la huku kwetu linapita utosini saa sita na dakika ishirini na kitu mwezi wa Novemba, na saa saba kasoro dakika chache mwezi wa Februari. Mombasa wanatutangulia kwa karibu robo saa. Kwa hivyo mwaka mzima, Adhuhuri ya Uasin Gishu inaingia kabla ya kengele ya lanchi au pamoja nayo, na saa nane kamili bado iko ndani ya wakati wake. Mwanafunzi anahitaji dakika kumi na tano: udhu, rakaa nne, arudi. Hakuna kipindi cha hesabu kinachoguswa. Kinachohitajika ni maji, pembe safi ya darasa, na sahani iwekwe kando. Dada zetu mara nyingi wanasahaulika hapa. Swala ya Ijumaa si faradhi kwao, lakini Adhuhuri ni faradhi kila siku, na wao ndio hukosa hata pale pa kutawadhia kwa stara.

Ijumaa ndiyo ngumu kidogo, hasa huku. Sisi si Mombasa, hatuna msikiti kila kona. Kuna shule ambazo kwenda na kurudi peke yake ni dakika arubaini. Hapo lazima shule na wazazi wakae chini waone: watoke dakika kumi mapema, au swala isimamishwe shuleni kukiwa na mtu mzima wa kuongoza. Haya yanazungumzika.

Sasa sheria. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na imetaja wazi kuadhimisha siku ya ibada. Inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na dini yake. Ibara ya 53 inasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi, na hapo imesema kila mtoto, haijasema mtoto aliyelipa. Lakini tusidanganyane: Ibara ya 24 inaruhusu haki kuwekewa mipaka ya busara kwa mujibu wa sheria. Ukienda ofisini ukipiga meza na Katiba mkononi kama panga, utarudishwa.

Angalieni yaliyotokea mahakamani. Ndugu zetu Waadventista, Wasabato, walilalamika kuwa watoto wao katika shule za umma wanalazimishwa masomo na kazi siku ya Jumamosi. Mahakama Kuu ikawakatalia. Wakakata rufaa, na 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki: shule ziwape nafasi ya kuadhimisha Sabato yao. Sisi tunaidai Ijumaa, na mlango tunaoupitia umefunguliwa na Wakristo. Mtu akiwaambia haki ya dini shuleni ni jambo la Waislamu wakorofi, mtajieni kesi hiyo.

Na kesi ya Kiwanjani, Isiolo, ya hijabu, mnaijua. Mahakama ya Rufaa ilitupa ushindi 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha. Wengi mitandaoni waliandika "hijabu imepigwa marufuku". Si hivyo. Mzazi wetu aliingia katika kesi iliyofunguliwa na kanisa, yeye akiwa mhusika tu, akaleta madai yake humo humo ndani. Mahakama ya Juu ikasema utaratibu haukuwa sawa, na anayetaka jambo hili liamuliwe alianzishe upya Mahakama Kuu. Tena ikapendekeza bodi ya shule ile ikutane na wazazi na wanafunzi, itafute namna ya kuwaruhusu wale ambao dini yao inawataka kuvaa kitu zaidi ya sare. Yaani baada ya miaka mitano ya mawakili, majaji wakaturudisha kwenye viti vya plastiki vya bodi ya shule.

Kuna na nyingine iliyonihuzunisha zaidi kwa sababu ni ya saa ya lanchi kabisa. London, eneo la Brent, kuna shule inaitwa Michaela, karibu nusu ya wanafunzi wake ni Waislamu. Mwaka 2023 wanafunzi kadhaa walianza kuswali uwanjani wakati wa mapumziko ya mchana, wakipiga magoti juu ya koti zao za shule. Shule ikapiga marufuku. Msichana mmoja akaenda mahakamani, na Aprili 2024 akashindwa. Jaji aliona alijiunga akijua masharti ya shule ni makali. Lakini shule ile ile ina jambo ambalo mimi nalipenda: chakula chao hakina nyama, ili watoto wa dini zote wale meza moja. Nikafikiria githeri yetu. Mahindi na maharagwe, chumvi, kitunguu kama mpishi ana moyo. Halali kwa kila mtu tangu zamani, bila kikao. Kwa hivyo tusiende ofisini kudai jikoni letu wenyewe. Swali la nyama linakuja mwisho wa muhula fahali akichinjwa, na shule nyingi hapa Kenya zinamwita Mwislamu achinje ili kila mtu ale. Kama yenu haifanyi hivyo, ombeni. Ni ombi dogo.

Ombi kubwa ni Ramadhani. Hebu tufanye hesabu pamoja. Serikali inalipia masomo ya sekondari za kutwa, utaratibu ulioanza 2008, lakini lanchi imebaki kwa mzazi. Muhula wa kwanza una kama wiki 13, siku 5 kwa wiki, ni lanchi 65. Ramadhani inakula siku za shule 20 hadi 22. Hiyo ni karibu thuluthi moja ya pesa za chakula za muhula ambayo mzazi wa Kiislamu analipa na mtoto haonji. Na Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hivyo itakuwa nasi muhula wa kwanza miaka kadhaa bado. Hadi 2030 itakuwa inaanza mapema Januari.

Kuna wanaosema turudishiwe pesa. Ni haki, na mzazi mwenye dhiki aombe hivyo bila aibu. Wengine wapewe unga na maharagwe wapeleke nyumbani kwa futari. Lakini mimi nataka mfikirie yule kijana nyuma ya maabara. Katika kila shule ya kutwa hapa Soy yumo, na mnamjua. Tuko katika kaunti ya mahindi, lori zinapita hapa zimejaa magunia, na mtoto anakunywa maji ya mfereji adanganye tumbo. Vipi tukiandika kwamba sahani za wanaofunga, kwa ridhaa ya wazazi wao, zipewe wanafunzi walioshindwa kulipa, bila kujali dini, na majina yao yasitangazwe paredi? Shule haipotezi hata shilingi. Chakula kimeshalipiwa.

Mtaambiwa haiwezekani, itavuruga hesabu. Nairobi, tangu 2023, mpango wa Dishi na County unalisha watoto wa shule za msingi za umma kwa shilingi 5 kwa sahani, watoto maelfu kwa maelfu. Kama hiyo inahesabika, sahani kumi za Ziwa hazishindi kuhesabika.

Sasa ile bodi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema nani anakaa humo. Wazazi na jamii ya eneo wana watu 6. Mfadhili wa shule, mara nyingi ni kanisa, ana 3. Mwalimu 1, mtu 1 wa bodi ya elimu ya kaunti, 1 wa makundi yenye maslahi maalum katika jamii, 1 wa wenye mahitaji maalum. Na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Hesabuni wenyewe: wazazi ni mara mbili ya mfadhili. Na mfadhili huyo, sheria hiyo hiyo inamtaka alinde imani za wengine anapokuza ya kwake. Lakini wazazi wetu siku ya uchaguzi hawaendi. Tunasema "ile ni shule ya kanisa" tunabaki dukani. Halafu tunashangaa.

Barua iandikwe kwa Katibu wa Bodi, ambaye ndiye mwalimu mkuu. Isaini wazazi, si nyinyi peke yenu. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Wakikataa, Ibara ya 47 inawapa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mkitaka kujua pesa za chakula zinatumikaje, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, mzazi anaomba na anatakiwa kujibiwa ndani ya siku 21. Hakuna kupiga kelele, hakuna kugoma, hakuna kurekodi video ya mwalimu. Video inapata watazamaji, lakini yule mtoto anabaki na njaa yake.

Na nimalizie na lawama kwetu, manake nisiposema nitakuwa mnafiki. Kuna shule hapa Kenya zimewahi kutoa ruhusa ya Ijumaa, na nusu ya waliopewa wakaonekana stendi wanakula chipsi. Mwalimu akiona hivyo mara mbili, anafunga, na anayeumia ni yule aliyekuwa anaswali kweli. Mkipata ruhusa, wekeni daftari, kila anayetoka aandike jina, na kiongozi wenu alirudishe ofisini saa nane bila kuulizwa.

Basi. Nani hapa yuko katika baraza la wanafunzi? Inueni mikono... Wawili. Masha Allah. Baada ya Alasiri mbaki hapa na mimi, na mzazi yeyote aliye na muda. Nimekuja na karatasi na kalamu, na rasimu ya barua ya mistari saba. Jina la shule nimeacha nafasi.