Kiboko na Bustani za Mboga Kandokando ya Ziwa Babati: Uzio Upi, na Uwekwe Wapi?



Uzio ukitajwa Manyara, wengi tunawaza tembo, na si bure. Vijiji vya upande wa Burunge na Kwakuchinja viko kwenye mapito ya wanyama kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Lakini mchicha, chainizi na nyanya zinazolimwa hapa mjini Babati, karibu na ziwa, zina mgeni mwingine: kiboko.

Kiboko hushinda majini. Giza likiingia hutoka kwenda malishoni, na kwa usiku mmoja anaweza kula kilo 40 hivi za majani. Hupita njia zilezile hadi zikachimbika, kwa hiyo mkulima anayetaka kujenga uzio aanze kwa kuzitafuta njia hizo asubuhi. Mnyama wa tani moja na zaidi akikatiza matuta ya vitunguu, anachokanyaga ni kingi kuliko anachokula.

Minyaa na matawi ya miiba huzuia mbuzi. Kiboko ana ngozi nene, na uzito wake unatosha kusukuma ua mwepesi akapita. Udhaifu wake uko miguuni: ni mifupi, naye hawezi kuruka. Ndiyo maana nashauri tuache kuhangaika na urefu, nguvu zetu tuzipeleke kwenye uimara. Ukuta wa mawe unaopita goti, au magogo mazito yaliyolazwa na kufungwa kwenye nguzo zilizochimbiwa chini sana, utafaa kuliko ua mrefu wa fito. Mtaro nao husaidia, ila ukiachwa bila kuzibuliwa, masika moja tu huujaza tope.

Suala la mahali ndilo zito zaidi kwangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Tusiione kuwa ya kutuonea. Ziwa letu hupanda. Mafuriko ya mwaka 1990 yaliingia hadi mjini. Ukijenga uzio ukingoni kabisa mwa maji, utapoteza mawe yako, na kiboko aliyenyimwa majani ya ufukweni atayafuata mbali zaidi, kwa jirani. Wenye bustani zinazopakana wakubaliane kuacha uchochoro mpana kwenye njia yake ya zamani, kila mmoja azibe upande wake tu.

Waya uliounganishwa na umeme wa nyumbani usitumike kamwe. Huua watoto.

Akishaingia bustanini, msimfukuze kwa tochi na mawe, na zaidi ya yote msisimame kati yake na maji. Hapo ndipo anapoua. Subirini atoke. Kukikucha, toeni taarifa kwenye ofisi ya mtaa na kwa afisa wanyamapori kabla ya kurekebisha matuta, ili nyayo na uharibifu vionekane na maombi ya kifuta jasho yaandikwe kwa ushahidi.