Sahani za Santuri: Kuzitunza na Kuziuza

Leo twataka kuzungumza nanyi, watu wa Handeni na Korogwe, habari za sahani za santuri. Huenda mtu akasema, "Hivyo ni vitu vya wazee." Lakini mwaka 2022 huko Marekani sahani za vinili zilinunuliwa kwa wingi kuliko CD, jambo lisilotokea tangu 1987. Tena wako wanunuzi, wachache lakini wenye shauku, watafutao muziki wa zamani wa Afrika Mashariki.

Jambo hili latuhusu. Bendi za Tanga, kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilitia nyimbo zao katika sahani miaka ya 1960 na 1970. Huenda baadhi ya sahani hizo zingali katika masanduku yetu. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba hii huharibika isipotunzwa.

Kwanza yafaa tuijue sahani yenyewe. Zile za kale, kama alizoimba Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi uliochanganywa na unga wa mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na zikianguka huvunjika kama chungu. Sahani ndefu za vinili, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, ni za plastiki. Hazivunjiki upesi, na mchakacho wake ni mdogo, hata sauti husikika safi zaidi. Ila mifuo yake ni myembamba mno. Ukiipiga kwa gramafoni ya kutia ufunguo, sindano nzito ya chuma huilima mifuo hiyo, na sauti iliyokwisha kulimwa hairudi.

Adui wengine ni jua na vumbi. Joto huipinda sahani, na vumbi huingia katika mifuo likaikwaruza. Basi iwekwe wima ndani ya mfuko wake, mbali na jua, ishikwe ukingoni, ipanguswe kwa kitambaa laini kwa kuufuata mfuo. Sahani ya 78 isipanguswe kwa spiriti, maana spiriti huiyeyusha.

Mnunuzi mjuzi huiinamisha sahani mwangani, akatazama mikwaruzo na mfuko wake, ndipo ataje bei. Nasi tutazame vivyo hivyo kabla yake, moja moja, wala tusiuze sanduku zima kwa kukisia.

Lakini kabla ya kuuza, nyimbo zinakiliwe katika kompyuta. Nakala nzuri haipotezi kitu ambacho sikio laweza kukitambua, na haichakai kwa kupigwa. Fedha ya sahani itatumika ikaisha. Wimbo usionakiliwa huondoka pamoja na sahani, na watoto wa Korogwe na Handeni watalazimika kwenda kuununua ugenini, kama watauona.