Ulikunywa mti gani?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ibaba, wilayani Ileje)

Najua ni jioni, baridi imeanza kuuma na wengine mawazo yako kwenye ugali. Sitawachelewesha.

Nilipokuwa kidato cha pili nilishikwa na homa bwenini. Rafiki yangu akasema, "Achana na foleni ya zahanati, bwana. Kule bondeni kuna mkwinini." Akabandua gamba, akalichemsha kwenye kopo, nikanywa vikombe viwili. Usiku masikio yakaanza kuvuma, nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu, na asubuhi nilikuwa sioni vizuri. Wakanibeba hadi hospitali. Nesi hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikunywa mti gani?" Nikamjibu, "Mti wa bondeni." Akamgeukia rafiki yangu, naye akasema hivyo hivyo. Sasa mtu atakutibuje kama hata wewe hujui umekunywa nini?

Zipo bustani ambazo kazi yake ni kujibu swali la yule nesi. Zinaitwa bustani za mimea. Ukipita haraka utadhani ni msitu uliofyekwa vizuri au pahali pa kupigia picha za harusi. Lakini humo kila mmea una jina lake, na kuna daftari linaloonyesha ulitoka wapi na ulipandwa lini.

Yetu kubwa iko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Usidhani walitupenda sana. Walitaka kujua ni mazao gani yatawalipa katika koloni lao. Wakaleta miti kutoka Asia, Amerika na kwingineko, ukiwemo mkwinini, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakaziba njia ya bahari na dawa za kutoka Ulaya zikawa hazifiki. Wataalamu wa Amani wakatengeneza kwinini kwa magamba ya miti yao wenyewe, ili kuwatibu askari wa Kijerumani.

Hapo unaweza kusema, "Basi rafiki yako alikuwa sahihi!" Hapana. Mkwinini si aina moja. Gamba la aina hii lina kwinini nyingi, la aina ile lina kidogo sana. Ndiyo maana Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipofaulu kuitenga kwinini kutoka kwenye gamba mwaka 1820, lilikuwa jambo kubwa: sasa dawa iliweza kupimwa. Kopo la bwenini halipimi kitu. Kwinini ikizidi mwilini masikio huvuma, macho hufifia, sukari ya damu hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Watu hufa.

Hata dawa mseto unayopewa leo ukipimwa na kukutwa na malaria ilianzia kwenye mmea, artemisia ya Kichina. Mwanasayansi mama, Tu Youyou, alisaka katika vitabu vya kale vya waganga wa China, akafanya majaribio, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya majani yake, kwa sababu ile ile: kipimo hakijulikani. Hapa kwenu baridi inawapunguza mbu, lakini ukishuka Kyela likizo ukarudi na homa, nenda ukapimwe.

Bustani hizi nazo hukosea. Kutoka Amani, mti uitwao Maesopsis eminii uliingia msituni. Hondohondo wanakula matunda yake na kusambaza mbegu, nao ukawa unachukua nafasi ya miti ya asili. Ila kwa kuwa una jina na kumbukumbu zipo, tunajua ulikoanzia.

Sasa wewe, hapa Ibaba. Huna haja ya kusubiri mfadhili. Tafuteni kipande nyuma ya darasa, pandeni mimea kumi tu. Vibao kateni kwenye mabati machakavu, andikeni kwa rangi: jina la Kindali, la Kiswahili, na la kisayansi mkishalipata. Kwenye daftari ongezeni nani amewaeleza, tarehe gani, na hutumika kwa nini. Bibi yako anajua mengi. Muulize angali hai. Mmea usioufahamu, chukua tawi lenye maua, libane ndani ya magazeti makavu, ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana hazina kubwa ya matawi kama hayo ya kulinganisha.

Mnanaha wekeeni kibao chekundu. Unaota wenyewe kwenye majalala, na kila sehemu yake ni sumu. Kuna vijana wanakula mbegu zake kutafuta stimu. Wanapata wazimu, wengine hawaamki.

Na okidi, zile ambazo viazi vyake vinauzwa Zambia kupitia Tunduma kwa ajili ya chikanda? Msizing'oe kuja kuzipanda. Mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, haioti bila kuvu fulani wa udongoni. Ukishachimba kiazi, kumrudisha mwenzake si kazi ya jembe. Ziendeeni huko huko mbugani zikichanua, mkaziangalie na kuzichora. Kufurahi nako ni sehemu ya somo.

Mnauliza habari za ule mti wa bondeni? Nilirudi miaka mingi baadaye na daftari langu. Nikakuta kisiki tu, kimeshaoza. Mpaka leo sijui nilikunywa nini.

Haya, maswali. Wewe dada wa nyuma, anza.